Mwaka mmoja nikijitolea kulea vijana Hamburg: walivyonikagua, na sisi huku tunavyoacha mlango wazi

Mtoto wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu salaam, wakubwa shikamooni.

Kuna uzi ulipita humu watu wanabishana kama kwenda kujitolea nje ni dili au ni kupoteza ujana, nikataka kuchangia kule nikaona itakuwa ndefu, bora nifungue wangu. Msiniulize sana jina la kituo, sitataja.

Mimi nilikaa Hamburg miezi 12, kusini ya mto Elbe, kwenye Haus der Jugend, yaani nyumba ya vijana ya mtaa. Watoto wakitoka shule wanakuja pale kula, kufanya homuweki, kucheza pool, na wengine kukwepa kelele za nyumbani. Nilienda kupitia kitu kinaitwa Bundesfreiwilligendienst, wenyewe wanafupisha BFD. Ilianza 2011 walipositisha jeshi la lazima. Zamani kijana asiyetaka kushika bunduki alikuwa anapelekwa hospitali au kwenye nyumba za wazee kufanya kazi, sasa jeshi la lazima liliposimama wale vijana nao wakakata, ikabidi wafungue hii ya hiari. Chukulia kama JKT ambayo badala ya gwaride unapangusa meza.

Sisi Wabongo wengi wetu tunaingilia mlango wa mpango wa weltwärts. Ndo ule ulioanza 2008 wa kuleta vijana wa Kijerumani huku, wale mnaowaonaga Moshi na Tanga wanapatana bei ya parachichi kwa Kiswahili cha kuungaunga. Ilipofika 2013 wakafungua na njia ya kurudi, na sisi tukaanza kwenda kwao.

Sasa kilichonifanya niandike. Kabla sijagusa mtoto wa mtu nilikaguliwa mpaka nikahisi naenda kulinda Benki Kuu. Alama za vidole polisi, cheti kwamba sina kesi. Nikadhani ni kwa sababu mimi mweusi natoka Afrika, kumbe hata Mjerumani mwenyewe, hata mama anayekuja Jumatano kufundisha gitaa bure, analeta cheti chake cha polisi. Halafu surua. Tangu Machi 2020 wana sheria, kufanya kazi sehemu ya watoto lazima uoneshe ulichanjwa surua mara mbili. Nikampigia mama, akapanda juu ya kabati akashusha begi, kadi yangu ya kliniki ipo, imeliwa na mende pembeni ila inasomeka. Surua: miezi 9. Basi. Moja tu! Maana enzi zetu sisi ilikuwa moja, ya pili Tanzania wameanza kutoa 2014. Kwahiyo jitu zima na ndevu nikaenda kupanga foleni ya chanjo na wamama wenye vichanga, nesi akaniuliza mtoto yuko wapi nikamwambia ndo mimi.

Ngoja nile, nakuja kumalizia.

kiroba_cha_sumu

Uzi bila picha ni umbea. Tupia picha mkuu tukuone na hao madogo.

Bibie wa Ngamiani

Nimeweka mkeka hapa. Endelea kaka, hiyo ya nesi nimecheka peke yangu kwenye daladala.

fundi_geji

Sasa mzungu kakufanya hausiboi mwaka mzima kwa hela ya vocha unakuja kutuambia ulikuwa unalea vijana 😂 Waafrika bana.

Mtoto wa Tabata

@fundi_geji hujakosea sana. Miezi miwili ya kwanza kazi yangu ilikuwa kupanga sahani, kufuta meza, kupeleka taka kwenye mapipa (manne, kila moja na takataka yake, ukikosea unaitwa). Kijerumani nilichotoka nacho Goethe pale Upanga kiligoma, kule darasani watu wanaongea taratibu, wale madogo wanaongea kama wanafukuzwa. Mtoto wa miaka 9 ananiita "Digga", ambayo Hamburg ndo kama "mwanangu" ya kwetu. Mimi nasubiri shikamoo, yeye ananiambia mwanangu nipe ketchup. Pesa ni kweli ni ya mfukoni, sio mshahara, ila chumba, chakula, bima na nauli vilikuwa juu yao, na sikulipa senti kwenda. Kwahiyo kama unataka kutajirika pita kushoto.

@kiroba_cha_sumu umenipeleka penyewe. Picha hakuna, na ntakwambia kwanini.

Wiki ya tatu pale tulienda na watoto bustanini, jua limewaka, nikapiga selfi na madogo kama sita wamenirukia mgongoni, safi kabisa, nikaweka stetasi WhatsApp na maneno "my kids ❤️". Nilijiona nimefika. Kesho yake msimamizi wangu ananiita ofisini, anafunga mlango, ananimiminia kahawa, nikajua hapa kuna jambo. Ananiuliza kwa upole, wale sita, mzazi gani alikuruhusu? Nikamwambia hakuna ila ni picha ya furaha tu. Akanionesha faili. Kila mtoto ana karatasi yake mzazi kasaini, huyu apigwe picha asipigwe, ikitumika itumike wapi. Mmoja kati ya wale sita, mama yake alimkimbia mume na huyo mume hatakiwi kujua wanaishi mtaa gani. Na mimi nimemweka hadharani na kibao cha basi kinasomeka nyuma yetu.

Nikafuta pale pale. Lakini kusema ukweli nilitoka nimenuna, siku mbili naongea na jamaa zangu kuwa ni ubaguzi, wazungu wana roho mbaya, mbona wao wakija kwetu wanapiga picha hata za watoto wako uchi.

Na hapo ndo nikaanza kufikiri, sababu mimi nilishakuwa upande wa pili wa hii kitu. Kabla sijaondoka, kama miezi saba hivi, nilikuwa napiga dei waka ya ukalimani kwenye kituo kimoja cha watoto, huku huku nchini, sikitaji. Kila baada ya wiki mbili kinashuka kigari cha wageni. Watoto wanapangwa mstari, wanaimba ule wimbo wa karibu wageni, kila mgeni anakabidhiwa mtoto wa kubeba. Binti wa miaka 19 hajawahi kufundisha hata paka, Jumatatu anapewa chaki anaambiwa we ni teacher wa Kiingereza. Anafundisha rangi. Red, blue, green. Wiki mbili anaondoka analia, anakuja mwingine, naye anaanza na rangi. Kuna kitoto cha pale mwaka ule nadhani kilifundishwa red mara kumi na kitu, mpaka kikawa kinawasaidia walimu wapya. Na katika wote wale sikuwahi kuona mtu anaombwa cheti cha polisi. Pasipoti yenyewe walikuwa wanaombwa hotelini, sio pale.

Wengi wa wale watoto "yatima" mama zao wapo hai. Mmoja mama yake alikuwa anauza ndizi stendi, namjua.

Kilifi Creek

Mtoa mada umesema jambo. Huku kwetu Pwani ya Kenya hii ni biashara kabisa walai. Serikali ilisimamisha kusajili nyumba mpya za watoto tangu Novemba 2017 na sasa mpango ni watoto warudishwe kwa familia zao pole pole, lakini ukitembea huku bado utaona kibao kipya kimepigwa rangi, mlango wazi, donesheni karibu. Mgeni akishuka uwanja wa ndege anaulizwa safari au orphanage. Kama ni menyu.

Na pia tuseme ukweli, wanaokula hizo pesa ni sisi wenyewe sio wazungu.

Mwl. Mstaafu

Vijana, msichanganye nazi na dafu. Mimi nimefundisha sekondari Nyanda za Juu miaka 31. Kuna wanaokuja wiki mbili na kuna pisikoo, yaani Peace Corps, wale wa kujitolea wa serikali ya Marekani. Pisikoo walianza kuja enzi za Kennedy na Mwalimu, wakaondoka 1969, wakarudi 1979, na hawa ninaowajua mimi walikuwa wanafundishwa Kiswahili kwanza na kukaa kwenye nyumba ya familia kabla ya kupewa darasa. Kisha miaka miwili kijijini, wanachota maji, wanapanda basi lile lile. Nilikuwa na mmoja wa fizikia, alikuwa anasahihisha daftari kwa koroboi. Wanafunzi wake wawili leo ni wahandisi.

Ila na hapo lipo la kusema. Machi 2020 pisikoo wa dunia nzima waliitwa kwao kwa ajili ya korona, siku chache tu, tumeamka yule wa shule jirani hayupo. Kidato cha nne wakabaki na fizikia yao mezani mpaka Oktoba. Sikumlaumu kijana yule, aliitwa. Nilitulaumu sisi tulioona kuna mgeni tukaacha kuomba mwalimu wa kuajiriwa.

Mtoto wa Tabata

Shikamoo Mwalimu. Hiyo ya mwisho imeniingia, maana kule Hamburg ilikuwa kinyume. Waliniambia siku ya kwanza: wewe ni wa ziada, siku usipokuja kituo lazima kiendelee. Niliumia, nilitaka kuwa muhimu bana. Lakini ndivyo ilivyotakiwa kuwa. Walioajiriwa walikuwepo wanne wamesomea hiyo kazi, mimi niko pembeni yao.

Bibie wa Ngamiani

Kaka na viboko je? Watoto wa kizungu si wanakuaga na kiburi, ulikuwa unafanyaje

Mtoto wa Tabata

Dada we acha. Kule mzazi mwenyewe haruhusiwi kumpiga mwanae, ipo kwenye sheria tangu 2000, sembuse mimi wa kuja.

Siku moja mtoto kamtemea mwenzake juisi usoni makusudi mbele yangu. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Sikupiga, ila ulifika juu kabisa. Sasa kilichonimaliza ni kwamba yule dogo hakukwepa. Mtoto wa kwetu ungeinua mkono ule angeshainama, kajikunja, kafunika kichwa. Huyu alikuwa ananiangalia tu na mdomo umejaa juisi kama vile nataka kumpa tano. Hakujua ule mkono unamaanisha nini. Nikaushusha nikajikuna kichwa nao. Jioni nilimwambia msimamizi mwenyewe, bora nijisemee, hakunifukuza, tulikaa lisaa tunaongea nilivyolelewa mimi. Na mimi mwanafunzi wa shule za kata, kanuni inasema viboko visizidi vinne na apige mkuu wa shule au aliyemruhusu, mnajua wenyewe tulivyokuwa tunakula kumi na sita asubuhi namba haijaitwa.

kiroba_cha_sumu

Haya mkuu nimeelewa picha basi 🙏 ila ulifundisha nini sasa zaidi ya kufuta meza

Mtoto wa Tabata

Haha hapo sawa.

Walitaka nipige ngoma. Nilipofika tu mmoja akaniletea ngoma mbili za stoo, akasema watoto watafurahi ukiwafundisha ngoma za kwenu. Mimi ngoma? Nimekulia Tabata, ngoma nazisikia kwenye harusi za watu. Nikawaambia naweza kuwafundisha Excel, wakaona natania.

Ikafika Oktoba. Pale uani kuna miti mikubwa inadondosha tunda gumu la kahawia linang'aa, chesinati za farasi, haziliki, watoto wanazikusanya tu mifukoni wanarushiana. Mimi kushika moja nikasema kete hii. Nikachukua chaki nikachora sakafuni mashimo 32, mistari minne ya nane nane, nikahesabu chesinati 64. Babu yangu mzaa mama ni mtu wa Kilwa, alikuwa anacheza bao kutwa chini ya mwembe na tulikuwa tunakaa pembeni kimya, ukiongea unapigwa jicho. Nikawapangia kila mchezaji: sita kwenye nyumba, yaani shimo kuu, mbili, mbili, ishirini na mbili mkononi.

Siku ya kwanza walikuja wawili. Wiki ya pili tulikuwa na mabao manne uani na mzee wa Kituruki mlinzi wa jengo anacheza.

Alikuwepo dogo mmoja darasa la nne, nimwite Kobe maana alikuwa hana haraka. Kwao wanaongea Kidari, lugha ya Afghanistan, Kijerumani kakijulia shule. Kwenye homuweki ya hesabu alikuwa analala juu ya daftari, nane mara saba anakwambia hamsini na kitu. Kwenye bao yule mtoto anaangalia shimo, anaondoka na kete kichwani, anazunguka huku, anakula pale, anarudi, ananiambia ukicheza ile unaishia hapa, na kweli unaishia pale. Hajagusa kitu. Nikamwita msimamizi aje aone. Baada ya hapo homuweki yake ya hesabu tukaifanyia pale chini kwenye mashimo, gawanya, jumlisha, sehemu, yote kwa chesinati. Na akawa na mdomo sasa! Ukipitisha zamu bila kula anapiga kelele uani kote "TAKATAAA" kwa lafudhi ya Hamburg.

Mwl. Mstaafu

Kutakata si kosa, mwambie. Wakati mwingine mchezaji mzuri hutakata kwa makusudi.

Mtoto wa Tabata

Hahaha Mwalimu nilimwambia hakukubali.

Sasa mjue kule mtoto akimaliza darasa la nne, miaka 10 tu, ndo njia zinagawanyika. Hamburg kuna Gymnasium na kuna Stadtteilschule. Mwisho wa Januari shule inatoa ripoti na maoni mtoto anafaa wapi. Mzazi ndo anaamua, ila maoni yale yana uzito kweli, na akienda Gymnasium asipoweza, baada ya darasa la sita anahamishwa. 2010 waliwahi kupiga kura mji mzima kama watoto wakae pamoja mpaka la sita, wananchi wakakataa. Miaka 10 jamani, mimi miaka 10 nilikuwa nakula udongo.

Kobe akaja na bahasha. Kaandikiwa Stadtteilschule. Alikaa chini ya meza ya pool hatoki, anasema kila mtu anajua ni shule ya wajinga, ambayo si kweli kwa sababu na ile unafika mpaka mtihani wa kuingia chuo kikuu, unachukua mwaka 13 badala ya 12 basi. Wale wataalamu wanne waliongea naye akagoma. Mimi nikaingia chini ya meza nikakaa naye. Kijerumani cha kumfariji mtu sikuwa nacho, nilikuwa na cha kusimulia tu. Nikamwambia mimi kidato cha nne nilipata ziro. Akauliza ziro kwa ngapi? Nikamwambia ziro hakuna kwa ngapi, dogo. Jina langu lilibandikwa ubaoni na watu walipita kulisoma. Nikarisiti mwaka uliofuata natoka nyumbani usiku nisionekane nabeba daftari, ikatoka, na leo niko hapa chini ya meza na wewe Hamburg.

Akacheka kwa neno ziro, akawa analirudia rudia. Akatoka kwenda kula.

fundi_geji

Aya hapo nimekuelewa mwamba. Kula laiki.

msaka_tonge88

Mkuu koneksheni tafadhali 🙏 njoo PM na mimi nataka. Na ukimaliza si unazama tu huko huko?

Mtoto wa Tabata

Koneksheni hakuna mkuu, kwenye hii mipango unaomba kupitia taasisi inayopeleka watu iliyopo hapa hapa Bongo, unafanya usaili kama wengine. Jifunze Kijerumani kwanza, usiende na A1, ile ngazi ya kwanza, ya kukariri. Mtu akikwambia umtumie laki tano akutafutie "viza ya kujitolea" huyo ni tapeli, mblock usimbembeleze. Kwa waliozidi umri kuna UNV, mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Afrika nao una kikosi chao cha vijana wa kujitolea wa miaka 18 mpaka 35, wanakupeleka nchi nyingine ya Afrika mwaka mmoja. Mimi ningekuwa naanza upya ningefikiria hiyo pia, kufundisha Malawi sio aibu.

Kuzama: mkataba wangu ulisema nirudi, nimerudi. Wapo wa kundi langu walioenda kihalali kusomea uuguzi wanaita Ausbildung, wana Kijerumani kizuri, wako poa. Kuzamia kwenyewe sikushauri, nimewaona waliozama, wanaishi kwa kuogopa polisi wa tiketi kwenye treni.

Kilifi Creek

Na ulivyorudi ulienda tena kile kituo ulichokuwa mkalimani?

Mtoto wa Tabata

Nilienda. Nilichapa fomu ya picha kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, mzazi au mlezi asaini, nikawapelekea bure, nikawaambia na wageni walete cheti cha polisi cha kwao. Mama mwenye kituo alinisikiliza, akanipa soda, akasema "mwanangu, tukiwaambia hivyo si wataenda kwa jirani?" Jirani ni kituo kingine mita mia tatu kutoka pale. Sikuwa na jibu. Yule mwenye ndizi stendi ndo nilimwachia nakala moja, akaisoma yote amesimama, akaikunja akaiweka kwenye kikapu chini ya ndizi. Wiki mbili baadae nasikia alienda kumchukua mwanae. Sijui kama ni karatasi au alikuwa ameshapanga.

Bibie wa Ngamiani

😢 Na Kobe je? Aliishia wapi

Mtoto wa Tabata

Stadtteilschule, yuko la sita. Namba yake sina, hairuhusiwi mimi kuwa na namba ya mtoto, salamu zake zinapitia kituoni. Oktoba iliyopita msimamizi alinitumia picha, haina sura ya mtu hata mmoja, ni sakafu tu, mashimo 32 ya chaki na chesinati zimepangwa, na chini kaandika kwa mkono wake "wewe unaanza". Nimekaa nayo siku tatu nafikiria nianze na ipi. Mwalimu Mstaafu kama unacheza njoo unisaidie, maana yule dogo sasa hivi ananishinda.